Kitenge cha Njano Kwenye Jiwe Letu

Jiwe letu wamelipaka rangi. Nyeupe, ile rangi ya mafuta ya kupakia milango, na juu yake wameandika kwa herufi nyekundu: PIGA PICHA HAPA. Naanza na hilo kwa sababu tangu nirudi kutoka Gisenyi kila anayeniuliza safari ilikuwaje namwambia hilo kwanza, na kila mmoja ananijibu eti si vibaya, ni maendeleo, wageni wanapenda. Sawa. Basi nisikilizeni ninyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliokuwa mnapelekwa ziwani na wazazi wenu na sufuria ya chakula na nguo za kubadilisha ndani ya mfuko mmoja, kisha mniambie kama nimekasirika bure.

Tulikuwa tunakaa Kigali. Baba alikulia Karagwe, Tanzania, na ndiye aliyetupa Kiswahili hiki ninachoandika. Mama alikulia Goma, Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na Kifaransa ndani yake, mpaka Baba akawa anasema kwa utani kwamba alimuoa bila mkalimani. Likizo ikifika, watoto wengine walikwenda kwa bibi zao kijijini. Mimi na kaka yangu Pacifique tulipelekwa Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, mpakani na Goma, kila likizo, bila kuulizwa. Tulifikia mtaa wa Nengo, kwa Mama Chantal, rafiki wa Mama, ambaye kila asubuhi alivuka mpaka na beseni la nyanya kichwani kwenda kuuza Goma, na jioni akarudi. Nyumba yake ilinuka nyanya zilizoiva kupita kiasi. Mpaka leo nikikuta nyanya zilizopasuka sokoni, najikuta nimesimama tu, muuzaji ananiuliza nataka ngapi.

Jumapili, baada ya misa, tulishuka ziwani. Mama alikuwa ameamka mapema kupika sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo, ambao yeye aliuita bukari, na njiani tulinunua sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Kivu, wakiwa bado wanachoma vidole ndani ya karatasi. Tulipita ufukwe wenye watu wengi, tukapita mikaratusi ya mwisho, mpaka pale nchi kavu inapojitokeza kidogo kuingia majini. Hapo ndipo lilipokuwa jiwe letu. Lilikuwa jeusi, jiwe la volkano, pana kama meza ya kulia watu wengi, lina vitundu vitundu na linakwaruza mapaja. Mama alitandika juu yake kitenge cha njano, njano kali isiyo na aibu, na sisi tukawa tumefika kwetu. Ukikaa pale uliiona Goma ya upande wa ziwa, mapaa yake na miti yake na kuta za mawe zinazoshuka majini, na jua likiwa zuri uliona hata vioo vya magari vikimetameta. Maji yalinuka mawe na samaki. Hayana chumvi, maji ya Kivu, ukiyameza umeyameza tu na hakuna anayekusikitikia.

Hatukuwa na hati ya jiwe lile. Hakuna aliyekuwa nayo. Tukikuta watu wamekaa walisogea wakatupa nafasi, nasi tukiwakuta watu wanakuja tulisogea. Hivyo tu.

Sasa, Mama na mchanga. Kila Jumapili ikifika saa kumi alituambia tushuke kwenye kitenge. Alikishika pembe mbili, akasimama ukingoni mwa jiwe upande wa maji, akakikung'uta. Wala hakikuwa kile kukung'uta cha mtu anayetaka kukunja nguo aende nyumbani. Alikirusha juu mpaka mikono ikanyooka, akakishusha, akakirusha tena, kitenge kikilia pwa, pwa, na aliendelea hivyo mpaka jasho likamtoka chini ya kilemba. Na mchanga wenyewe haukuwepo. Tulikuwa juu ya jiwe, mchanga ungetoka wapi?

"Mama, hakina mchanga," nilimwambia.

"Iko muchanga," alijibu bila kugeuka. "We hauoni tu."

Nikaamini kwamba mama yangu anauchukia mchanga kuliko binadamu wote. Kwa hiyo na mimi nikaanza kuuogopa. Nilijifuta katikati ya vidole vya miguu kabla ya kupanda jiwe, nilikung'uta viatu vya Pacifique akiwa bado amevivaa, na watoto wengine wakitimka mbio karibu yetu niliwagombeza kama mtu mzima. Pacifique alisema nimeanza uzee mapema.

Kulikuwa na jambo moja zuri kuhusu saa kumi. Ndiyo saa aliyokuja ndege wangu. Ng'ambo, upande wa Goma, juu ya ukuta mmoja wa mawe, alitokea ndege mkubwa mweupe. Hakuruka. Alifungua mbawa na kuzifunga, akafungua na kufunga, halafu akatoweka. Kwa umbali ule alikuwa kitone tu, lakini nilimpenda, nikamwona wangu.

"Mama, ndege wangu amekuja."

"Ee, ndege yako imekuja," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. Nilidhani ni uchovu wa ule mchanga wake.

Basi Jumapili moja nikaamua kumsaidia. Baba alikuwa na tabia ya kutangulia Nengo na kapu la vyombo ili awahi mpira redioni, na siku hiyo Mama alikuwa amesinzia kivulini. Nilikichukua kitenge, nikakikung'uta mwenyewe kwa nguvu zangu zote, nikakipangusa kwa kiganja, nikakikunja kikakunjika, nikakiweka chini kabisa ya kapu, chini ya sufuria, mahali ambapo mchanga usingekifikia. Baba akabeba kapu akaenda zake. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote waliokuwa ufukweni.

Saa kumi Mama akaamka. "Kitenge iko wapi?"

Nikamweleza, kifua mbele, nikisubiri kusifiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika mabega akanitikisa, yeye ambaye hakuwahi kuniwekea mkono kwa ubaya, akasema, "Umefanya nini? We mutoto, umefanya nini?" Akavua kilemba chake, kilikuwa kidogo na rangi ya udongo, akapanda ukingoni akaanza kukipeperusha. Alipeperusha huku analia kwa sauti, watu wakigeuka kumtazama. Ndege wangu alikuja kwa wakati wake kama kawaida. Akafungua mbawa, akafunga, akafungua. Siku hiyo hakutoweka. Tulipoanza kupanda kurudi Nengo nilitazama nyuma nikamwona bado yuko pale anahangaika na mbawa zake, nikadhani anaumwa.

Nilikasirika, jamani. Mtoto anayetenda wema akalipwa kelele anakuwa na hasira ambayo mtu mzima ameshaisahau. Sikula jioni ile. Nilimwambia Mama Chantal kwamba mama yangu ana wazimu wa mchanga, naye akanitazama, akarudi kupanga nyanya zake za kesho. Hakuna aliyenieleza kitu. Na hilo lilinikaa rohoni miaka yote, kwamba nilionewa Gisenyi na hakuna aliyewahi kuniomba radhi.

Baadaye Baba alipata shamba Kirehe, mashariki kabisa, karibu na Tanzania yake, nasi tukahamia huko. Gisenyi ikawa mbali. Simu za mkononi zikaja, mpaka na Goma ukatulia kwa muda, na ndipo tulipomfahamu Mama mkubwa, dada yake Mama aliyebaki Goma. Mama alimwita yaya, ndivyo wanavyomwita ndugu mkubwa kule. Walitembeleana mara chache, wakacheka sana, wakala pamoja. Baba akafariki. Mimi nikaolewa, nikahangaika na maisha. Ziwa sikurudi kuliona.

Halafu mpaka ukafungwa, na ukiwa umefungwa hivyo Furaha, binti wa Mama mkubwa, akapiga simu kwamba mama yake amefariki. Walimzika bila sisi. Mama alisikiliza mazishi ya dada yake kwenye simu, amekaa jikoni kwangu na ungo wa maharage mapajani. Wiki zikapita. Siku moja, akiwa anachambua maharage vilevile, akaniambia, "Mi sijanawa."

Kwetu, watu wakitoka kuzika hunawa mikono pamoja. Hawanawi kwa sababu ya uchafu. Wanakuwa wamemaliza kumsindikiza mtu wao, sasa wanarudi kwa walio hai. Asiyenawa anakuwa bado amesimama makaburini. Nikamwambia tutaleta maji, tutaita majirani, tutanawa naye.

"Hapana. Unipeleke Gisenyi. Kwenye jiwe."

"Kwenye jiwe kuna nini, Mama?"

Ndipo akanieleza, na mikono yake haikuacha maharage. "Wakati ya vita walitufukuza Goma, sisi watu wa Kinyarwanda, wakachukua nyumba, tukavuka na nguo za mwilini. Yaya alibaki sababu aliolewa na mutu wa kule. Akivuka kuja kuniona, majirani wanasema ni mupelelezi. Na mi nikivuka, nani atanilinda? Donc, basi, tulipatana, Mama Chantal alibeba maneno na nyanya zake. Jumapili ya likizo, saa kumi, kila mutu upande wake. Mi na kitenge ya njano, yeye na shuka nyeupe. Ukiiona, ujue niko muzima."

Nilimwona ndege wangu.

"Na mbona hukutuambia?"

"Mulikuwa watoto. Mutoto anasema. Mungesema masomoni, maneno ingefika ng'ambo, wangemumaliza." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage. "Ile siku hakuona njano. Mama Chantal alifika kule kesho yake asubuhi, akakuta wanawake wamejaa nyumbani. Yaya alikuwa ananililia musiba, na mi niko muzima."

Walishapatana kwa simu: Furaha angesimama juu ya ukuta uleule Jumapili, saa kumi, na shuka ileile. Angenawa kule na Mama angenawa huku, kwa wakati mmoja, kwa sababu maji ni yaleyale. Hicho tu ndicho alichotaka, mama yangu ambaye magoti hayamtii tena na mabega hayanyanyuki. Kuonekana kutoka ng'ambo, na maji ya kunawa. Nikasema hilo ni jambo jepesi.

Tulishuka ziwani Jumapili ile mapema, Mama ameshika kitenge cha njano kimefifia kidogo lakini bado kina ujeuri wake. Tulipita ufukwe, tukapita mikaratusi, tukakuta ukuta. Ukuta, na geti, na mlinzi. Nyuma yake hoteli, na sakafu ndefu ya mbao imejengwa juu ya maji, na chini ya mbao hizo, nusu ndani nusu nje, jiwe letu limepakwa rangi. Nikajaribu kutazama Goma kutoka ufukweni, upande wa watu wote. Haikuonekana. Sakafu yao na mwavuli wao vilikuwa vimeifunika yote.

"Mama, huku ni kwa wageni wa hoteli," mlinzi alisema kwa adabu.

"Basi tutakunywa chai, tuwe wageni," nikamjibu.

"Leo hata chai hakuna. Kuna maarusi wanapiga picha, wamekodi pote. Ngoja nimwite bosi."

Bosi alikuwa mwanamke mdogo kwangu, amekulia Uganda nafikiri, kwa jinsi alivyosema sori kila baada ya maneno mawili. Nilimweleza yote, taratibu, kama mtu anayeomba. Msiba, mpaka, kunawa, saa kumi. Alinisikiliza na uso wa huruma kabisa. Kisha akasema, "Oh, sori sana, mama. Poleni. Pale nyuma kuna choo kizuri, maji ya moto yapo na sabuni ipo. Anaweza kunawa huko."

Choo. Ndugu zangu, nimelea watoto, nimekaa na mawifi, nimepanga foleni katika kila ofisi ya nchi hii, na sijawahi kupandwa na hasira kama nilivyopandwa pale getini. Nilimuuliza ni nani aliyemuuzia mawe. Nilimuuliza kama maji yanayopita chini ya mbao zake kwenda Goma huwa yanamwomba ruhusa. Nilimwambia mama yangu alilisimamia lile jiwe wakati hapa hapakuwa na hoteli wala mwavuli, alikuwa na sababu kubwa kuliko picha ya arusi, na kama huo ndio ukarimu wanaouandika kwenye kibao cha mlangoni basi wakifute. Watu wakasimama kusikiliza. Sikujali.

"Dada, usinipigie kelele. Mimi nimeajiriwa tu."

Hilo likaniudhi zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikageuka kumwambia Mama twende. Mama hakuwepo.

Alikuwa mwisho wa ukuta, mahali unapoingia majini na kuishia. Viatu vilikuwa juu ya mchanga, vimepangwa. Yeye alikuwa ameshaingia na nguo zake zote, maji yanamfika mapajani, kitenge amekiweka kichwani kama beseni la nyanya, anatembea kuuzunguka ukuta wao. Nilimkimbilia na viatu vyangu miguuni, nikamshika chini ya kwapa.

Mlinzi alitufuata juu ya mbao. "Mama, hairuhusiwi kupita hapo."

"Kijana, mi sipiti kwako," Mama alisema. "Mi napita kwa maji."

Mlinzi akamtazama bosi wake, na bosi akatazama maji. Tukafika kwenye jiwe. Mama aliweka kiganja juu ya ile rangi nyeupe, akakisugua, akakitazama.

"Nani alichafua hii?"

Hakusubiri jibu. Ilikuwa saa kumi. Aliinama akachota maji, akanawa, viganja, kisha mpaka viwiko, polepole, akimwambia dada yake maneno ya Kinyarwanda ambayo ni yao wawili na sitayaandika hapa. Juu yetu bibi arusi alikuwa amesimama na gauni lake, ameacha kutabasamu. Mama alipomaliza alinipa kitenge.

"Mikono yangu haipande. Ukung'ute wewe."

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Kilitoka chenyewe. "Hakina mchanga, Mama."

"Iko muchanga," akasema.

Nikapanda. Nilisimama juu ya herufi zao nyekundu, nimelowa, nikashika pembe mbili, nikakirusha juu mpaka mikono ikanyooka. Mpiga picha akaanza kulalamika kwamba nimemharibia, nimeingia kwenye picha, nitoke. Nikamwambia asome chini ya miguu yangu. Si mmeandika watu wapigwe picha hapa? Haya, piga. Na nikakirusha tena, pwa, pwa, na tena, na mabega yakaanza kuwaka, na ng'ambo hakukuwa na kitu. Kuta, miti, mapaa. Nikafikiri tumechelewa, kwamba Furaha amesimama, hakuona njano, na sasa amekaa chini anatulilia. Nikakung'uta kwa hasira ya kila mtu niliyemfahamu.

Halafu juu ya ukuta mmoja wa mawe, kitone cheupe kikafunguka. Kikajifunga. Kikafunguka.

Mama alikuwa chini yangu ndani ya maji, ameshika kisigino changu ili nisianguke.

"Ona," akasema. "Ndege yako imekuja."

Nilikuwa nalia na bado nina hasira, na nikaendelea kukung'uta.